Kifuniko cha Sufuria ya Nakaloke

Katika kanisa lile la mabati kule Wanyange, kila anayeingia kwenye mfungo huja na kitu. Anayetafuta kazi huleta viatu. Anayeombea mtoto huleta shati la mtoto. Vitu hivyo hupangwa chini ya meza ya madhabahu, na hakuna kinachotoka pale mpaka mfungo uishe. Mwaka huo, mfungo wa mwezi wa nane ulipoanza, Ramlah alileta kifuniko cha sufuria.

Kilikuwa kifuniko kikubwa cha sufuria ya karamu. Ukingo wake ulikuwa umebonyea upande mmoja, na mkono wake ulikatika zamani, mahali pake Ramlah akafunga waya na kitambaa.

"Mama Nambozo, unaombea chakula?" aliuliza mwanamke wa kwaya, na wengine wakacheka.

"Naombea wanaokula," alisema Ramlah.

Hawakuuliza zaidi. Mchungaji Isiko alikichukua kwa mikono miwili, akakiinua, akapiga kelele, "Moto!" na kanisa zima likaitikia, "Moto!" Ramlah alipiga magoti akaweka kiganja juu ya bati lile baridi. Akasema maneno yake kwa sauti, kwa kuwa alikuwa amechoka kuyasema moyoni.

"Bwana, kila anayekula kutoka sufuria hii, chakula kimgeuke tumboni."

Akakipiga kifuniko kwa kiganja. Kililia kama ngoma. Jioni zote zilizofuata alifanya hivyohivyo, na kila alipokipiga alihisi nafuu kidogo.

Sufuria yenyewe ilikuwa Nakaloke, juu kidogo ya mji wa Mbale, kwenye nyumba ya mume wake.

Ramlah alizaliwa huko Mbale, kwa Wanubi, watu ambao babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudani wakabaki. Alilelewa na haboba wake, bibi mzaa mama, na haboba ndiye aliyemfundisha kufunga angali mdogo. Unaamka unakula daku, kisha huonji hata tone la maji mpaka jua lizame. Haboba alimwambia pia kuwa mtu akiwa na njaa Mungu humsikia upesi, na akiwa amedhulumiwa humsikia upesi zaidi, kwa hiyo achunge sana anachosema kabla ya futari. Ramlah alikuwa mtoto, alifikiri ni maneno ya kuwatisha watoto wasitukanane.

Alipokuwa msichana alimpenda Mgisu mmoja aliyeitwa Wamimbi, mpishi wa jeshi kule Kimaka, Jinja. Wamimbi alikuwa Mkristo. Kwa ajili yake Ramlah alibatizwa. Baba yake alimwambia asikanyage tena uwanja wake, na kweli hakukanyaga mpaka baba akafa. Ni haboba peke yake aliyetoka nyuma ya nyumba siku ile na sufuria yake kubwa, akamwekea kichwani, akasema, "Nenda ukawapikie hao watu wako." Haboba alikuwa analia.

Miaka ya kwanza Kimaka haikuwa mibaya, lazima isemwe. Walizungumza Kiswahili nyumbani, na Wamimbi alimwita mkewe afande, kwa mzaha, kwa sababu alisema ndiye mkubwa pekee asiyeweza kumdanganya. Kabla ya Pasaka walifunga pamoja. Ramlah alipofunga kwa njia yake bila maji, Wamimbi alimshangaa, lakini na yeye alikuwa na njia yake. Chakula ambacho wangekula mchana alikipika hata hivyo, akakipeleka kwa jirani mgonjwa au kwa mjane. "Kama huli na humpi mtu, hujafunga," alisema, "umebana matumizi tu."

Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe. Ramlah alikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye, na yalimchoma kuliko matusi.

Wamimbi alipokaribia kustaafu walinunua kiwanja Nakaloke. Ramlah alihamia Wanyange, kando ya ziwa, akaanika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Aliwatandaza kwenye nyavu, akawageuza kwa ufagio, akafukuza ndege, akawakaanga wengine akawauza. Mabati ya nyumba ya Nakaloke yalitoka kwenye nyavu zile. Milango nayo vilevile. "Ngoja Jinja kidogo, afande," alisema Wamimbi, "nimalize plasta nije kukuchukua." Akabeba vyombo vya jikoni pamoja na sufuria ya haboba. Kifuniko kilibaki kwa sababu siku hiyo kilikuwa ufukweni, kimefunikia mukene wa kukaanga.

Ramlah alingoja. Kisha mchuuzi mmoja kutoka Nakaloke aliyekuja kununua mukene akamwambia kuwa nyumba imeshafunguliwa, tena kwa maulidi. Wamimbi amesilimu. Anaitwa Yakub. Ameoa msichana anayeitwa Ruqaiya. Na pilau ya maulidi, mchuuzi alisema, ilipikwa kwenye sufuria kubwa sana isiyo na kifuniko, wakaifunika kwa sinia.

Fikiria basi. Yeye aliacha dini ya kwao kwa ajili ya mwanamume huyo, akapoteza baba, akapoteza udugu. Na mwanamume akaifuata dini hiyohiyo kwa ajili ya mwanamke mwingine, na watu wakamshangilia. Ramlah alibaki Mkristo peke yake katika ndoa ile, kama mtu aliyeachwa nyuma na gari alilolipia nauli.

Ndiyo maana mfungo ulipotangazwa alijua ataleta nini.

Alifunga kwa njia ya haboba. Waumini wengine walikunywa maji, wengine hata chai ya rangi. Yeye hakugusa kitu, na Mchungaji Isiko alimsifu mbele ya watu kuwa mama huyu ni simba. Ramlah alipenda kuitwa simba. Kile ambacho angekula mchana hakumpelekea mtu.

Rafiki yake Fatumah, Mnubi mwenzake aliyeanika mukene kwenye wavu wa pili, hakupenda.

"Wewe Ramlah," alisema, "uliikimbia Ramadhani yetu, sasa umeitafuta nyingine isiyo na tende."

"Niache nina kiu."

"Kiu ya nini? Sisi tukifunga tunakatazwa hata kusengenya. Ninyi mnafunga na vyombo vya jikoni." Alitema mate kando. "Unaniogopesha, dada. Unapiga lile bati mpaka linasikika huku ufukweni. Unajua nani anasikiliza?"

"Mungu anasikiliza."

"Ndiyo," alisema Fatumah, "ndicho ninachoogopa."

Ramlah alicheka. Hakuwa na habari kwamba ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka kwa muda.

Asubuhi moja, mfungo ukielekea mwisho, simu ilimlia kiunoni akiwa anageuza mukene. Ilikuwa Nambozo, binti yake wa pekee. Nambozo aliolewa Iganga na dereva wa malori anayekwenda Juba, na alikuwa na mimba kubwa ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya blanketi.

"Mama, usikasirike. Niko Nakaloke."

"Nakaloke kwa nani?"

"Kwa Baba. Baba anaumwa tumbo vibaya, anatapika. Niliogopa kukuambia. Nilikuja kumuuguza, sasa na mimi limenishika. Kila ninachokula hakikai. Mama, mtoto hachezi kama zamani."

 Ramlah aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kukipigia kifuniko. Kiganja kilikuwa na magamba ya mukene, yanang'aa.

"Unakula nini huko?" aliuliza mwishowe.

"Kinachopikwa. Uji, posho ya mahindi. Tunakula wote sufuria moja."

Fatumah alimwona akikaa chini, mchangani, katikati ya samaki. "Nani amekufa?" alipiga kelele.

"Bado," alisema Ramlah.

Kanisani alisema kila anayekula. Hakumtaja Yakub wala Ruqaiya. Ulimi ulikuwa wake, hakuna aliyeushika, nao ukasema kila anayekula. Angewezaje kujua kuwa mtoto wake mwenyewe atakaa kwenye mkeka ule, na mjukuu tumboni mwake, wanyweshwe uji kutoka chombo kilekile alichokisomea? Alijaribu kuomba pale mchangani, akashindwa. Kila neno lililomjia aliliogopa. Alihisi kama mtu mwenye kisu mkononi ndani ya chumba chenye giza na watoto, hathubutu hata kugeuka.

Alikwenda kanisani moja kwa moja, na harufu yake ya samaki. Mchungaji Isiko alikuwa akifunga nyaya za spika.

"Mchungaji, nipe kifuniko changu."

"Mama Nambozo, mfungo haujaisha."

"Mtoto wangu yuko kwenye ile nyumba. Ameshikwa."

Mchungaji aliacha nyaya. Alikuwa kijana bado, na ndevu zake hazijajaa. Ramlah aliona hofu ikipita usoni mwake, na hilo lilimtisha zaidi, kwa sababu alikuwa amekuja ili aambiwe kuwa si kitu.

"Kilichowekwa hapa kimeshawekwa," alisema polepole. "Ukikatiza katikati, Mama, ulichokituma kinaweza kukurudia wewe."

"Kikinirudia mimi, kinamwacha mtoto?"

Mchungaji aliinama kuokota waya wa spika.

"Nakuuliza, bwana. Wewe ndiye uliyesoma. Kikinirudia mimi, kinamwacha?"

"Mimi... Mama, hilo sijui. Tuombe."

"Nimeomba vya kutosha," alisema Ramlah. Akapiga magoti, akapenyeza mkono kati ya viatu na mashati ya watu, akakitoa kifuniko chake. Alitegemea kiwe cha moto. Kilikuwa baridi kama siku zote. Alikipakata kama mtoto mchanga ili kisigonge kitu njiani kikalia.

Njia nzima ya kwenda Mbale alikishikilia hivyo mapajani. Mwanamume aliyekaa karibu naye alimuuliza kama anauza na sufuria yake, maana kifuniko peke yake hakitapata mteja.  Midomo ilikuwa imemkauka ikapasuka, na kichwa kilimzunguka. Walipopita Iganga aliutazama mji wa binti yake ukirudi nyuma bila binti yake, akafumba macho. Walipofika Mbale mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mlima Wanale umefunikwa na mawingu mpaka kiunoni, na mitaro imejaa matope mekundu. Alichukua pikipiki hadi Nakaloke. Hakujua nyumba. Hakuwahi kuiona, yeye aliyenunua mabati yake. Ilibidi aulize watu, "Kwa afande mpishi ni wapi?" nao wakamwonyesha kwa vidole.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Uwanjani palikuwa na kisima cha kuchimba, na maji ya mvua yamekizunguka yenye rangi ya chai. Chini ya upenu kulikuwa na mkeka, na juu yake alilala Nambozo, mkono tumboni. Kando yake alilala mtoto wa kike wa kama miaka miwili, midomo imemkauka, macho yameingia ndani. Ramlah hakuwa na habari za mtoto huyo. Hakuna aliyemwambia kuwa wamezaa.

Huyu naye alikula sufuria ile. Huyu naye alikuwa ndani ya neno kila.

"Mama," alisema Nambozo. "Umekuja na kifuniko?"

Ramlah alipiga magoti akamshika miguu. Ilikuwa na joto. Akaweka kiganja juu ya tumbo lile kubwa, kisha akakiondoa haraka, kwa kuwa kilikuwa kiganja kile.

Mwanamke alitoka jikoni na bakuli. Miaka yote Ramlah alimchora Ruqaiya kichwani kuwa mnene, mwenye bangili na kicheko kirefu. Aliyetoka alikuwa msichana mwembamba aliyefunga tumbo kwa khanga kama mtu aliyekuwa mgonjwa naye akaamka kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuamka. Alipomwona mgeni alisimama. Halafu akapiga magoti kwenye matope, kama wanawake wa huko wanavyowasalimia wakubwa.

"Karibu, dada mkubwa."

"Huyu mtoto ni nani?"

"Shadiah. Ni wangu. Ni wako." Aliinuka kwa shida. "Tulikwenda zahanati jana. Muuguzi anasema ni maji ya kisima, mafuriko yameingiza uchafu wa choo. Sasa nachemsha kila kitu. Amesema Nambozo akishindwa kushika hata uji leo, kesho arudishwe awekewe maji ya mshipa, kwa ajili ya mtoto."

Maji ya kisima. Ramlah aliyasikia maneno hayo na angependa sana kuyaamini. Lakini mvua inatoka kwa nani? Na mafuriko yalikuja lini, kama si katika siku zilezile alizokuwa akipiga bati?

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mwanamume, nyembamba. "Ruqaiya, nani huyo?"

"Ni mimi," alisema Ramlah.

Kitanda kililia. Kisha, "Umekuja kunizika, afande?"

Alikuwa ameandaa maneno ya siku hiyo kwa miaka. Yote yalikuwa yamekwenda. "Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Lala."

Jikoni sufuria ya haboba ilikuwa juu ya mafiga, na uji wa ulezi ukichemka ndani yake, umefunikwa kwa sinia. Ramlah aliitambua kama mtu anavyotambua uso. Alilitoa sinia akaweka kifuniko mahali pake. Pale kilipobonyea, sufuria nayo ilikuwa imebonyea, maana vilianguka pamoja siku moja huko Kimaka. Kilikaa.

"Kumbe kilikuwa kwako," alisema Ruqaiya mlangoni. "Kilikuwa wapi miaka yote?"

"Kilikuwa kanisani. Kwenye maombi."

"Mlikuwa mkituombea?"

Ramlah angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na msichana angesema ahsante. "Niliwaombea," alisema, "lakini si vizuri."

Ruqaiya alikitazama kifuniko. Mvuke ulipita kati yao. Hakuwa mjinga.

"Mimi nilijua," alisema taratibu. "Nikiona wingu zito juu ya Wanale namwambia Yakub, yule mama wa Jinja analia. Yeye ananicheka. Lakini mimi ni binti wa shehe, nilifundishwa. Nimeogopa tangu siku ya maulidi. Nilipomzaa huyu mtoto niliogopa. Kila akikohoa, nilisema ndiyo imefika." Alijifuta uso kwa khanga. "Ungemwambia Mungu mimi sikujua mabati ni ya nani. Wakati wa kuolewa niliambiwa umekufa, siku ya maulidi ndipo nikasikia u hai."

 Ramlah alikuwa amekufa, basi. Alikuwa amekufa na alikuwa akianika mukene.

Hasira ilikuja, ileile ya zamani, na kwa mara ya kwanza aliiogopa kama mtu anavyoogopa nyoka aliyemfuga mwenyewe. Aliifungia mdomo. Alikuwa na njaa. Haboba alimwambia achunge anachosema.

"Nipe uji," alisema.

"Nambozo aliniambia umefunga. Nimekuwekea, utakula jua likizama."

"Nitakula sasa."

"Dada, bado kidogo tu. Adhana haijatoka."

"Kila anayekula kutoka sufuria hii," alisema Ramlah, "mimi nataka niwe mmojawapo. Nipe."

Ruqaiya alimwagia kwenye kikombe. Ramlah alitoka nacho akaketi kwenye mkeka, katikati ya binti yake na mtoto wa mwenzake.  Hakuomba kwa sauti. Alisema moyoni tu, Bwana, ile dua niliyoisema naijua. Sijui kuirudisha. Kama lazima ishuke, mimi niko hapa, nakula. Akanywa. Uji ulishuka kwenye koo lililokauka ukauma kama kidonda, na tumbo tupu likaupokea kwa mshtuko. Alikaa akilisikiliza. Alingoja limsokote. Alingoja kama mtu aliyetupa jiwe juu anavyongoja chini yake.

Kisha alijaza kijiko akakipeleka mdomoni kwa Nambozo, na kingine kwa Shadiah, na kingine kwa Nambozo. Kidogokidogo, akipuliza.

"Mama, nitatapika."

"Kaa nao. Ukitapika tutaanza tena."

Adhana ilitoka msikitini. Ruqaiya alikwenda kutawadha. Ramlah hakuinuka. Mkono mmoja alimshika mtoto asiye wake, kichwa chake kilikuwa na moto. Mwingine ulikuwa juu ya tumbo la binti yake, kiganja kilekile, hakukiondoa tena. Uji ulikuwa bado umekaa. Wa Nambozo ulikuwa umekaa, na wake pia. Ndani ya tumbo la binti yake kitu kilisogea kidogo chini ya kiganja chake, halafu kikatulia, naye akazuia pumzi, akingoja kisogee tena.